Pawa stelingi ya umeme kwenye gari la zamani: dalili za hitilafu na namna ya kuzitafuta

Mwongozo huu ni wa gari lililotoka kiwandani bila pawa, kama Land Rover ya zamani, Peugeot 504, Datsun pikapu au Land Cruiser za namba 40, ambalo limefungwa kolamu ya umeme (bomba la shafti ya usukani lenye mota yake ya kusaidia) iliyotolewa kwenye Vitz au Prius. Kolamu hizo huja mtumba kutoka Japani, usukani upande wa kulia kama wetu, na ndizo zinazonunuliwa sana Ilala na Kariakoo, Dar es Salaam, kwa kazi hii. Dalili zimepangwa kama mwenye gari anavyozisema akifika gereji. Chini ya kila dalili, sababu inayotokea mara nyingi imetangulia.

Ili usitafute gizani, elewa kwanza kifaa chenyewe. Ndani ya kolamu kuna kijiti cha chuma kinachounganisha shafti ya juu na ya chini. Ukigeuza usukani, kijiti kinajisokota kidogo sana, na sensa ya msokoto inapima msokoto huo. Kontroli boksi inasoma sensa, kisha inapeleka umeme kwenye mota, na mota inasukuma upande uleule wa mkono wako. Hakuna mafuta, hakuna pampu, hakuna mkanda. Kwa hiyo matatizo mengi ni ya umeme usiotosha au ya chuma kinachobana, na kolamu nyingi zinazotupwa kwa madai kwamba mota imekufa hazikuwa na ubaya wowote.

Kabla ya kufungua chochote

Jua umeme wa gari lako. Land Rover nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 zilitoka kiwandani na ethi ya chanya, yaani bodi imeungwa kwenye chanya ya betri. Ukiunga kolamu ya Kijapani humo bila kugeuza mfumo wote, kontroli boksi inaungua papo hapo. Vivyo hivyo Land Cruiser za dizeli zenye betri mbili zilizofungwa kutoa 24 V: zinahitaji kifaa cha kushusha 24 V kuwa 12 V, chenye uwezo wa angalau 60 A. Usichukue 12 V kwa kuunga waya kwenye betri moja kati ya mbili. Hiyo moja itakuwa inaliwa kuliko mwenzake, nyingine itachajiwa kupita kiasi, na zote mbili hazitadumu.

Angalia kufuli ya usukani. Kolamu ya mtumba huja na kufuli pale inapoingia funguo. Kama bado unawasha gari kwa swichi ya zamani ya dashibodi, kufuli hiyo itolewe yote pamoja na pini yake. Kuvunja kitasa cha funguo na kuiacha pini ndani ni hatari, kwa sababu mtikisiko mmoja wa shimo unaweza kuisukuma pini itoke, na usukani ukajifunga gari likiwa kwenye kona.

Kisha hakikisha kolamu na kontroli boksi vilitoka kwenye gari moja. Alama ya katikati ya sensa, yaani inachosoma usukani ukiwa huru, imehifadhiwa ndani ya boksi, na boksi ya gari jingine haiijui sensa yako. Ukienda kununua, omba vyote viwili, pamoja na plagi zake zikiwa na mikia ya waya isiyopungua sentimita 20. Muuzaji akikupa kolamu tupu na kukuahidi kukutafutia boksi baadaye, bei yake isikudanganye.

“Usukani mzito vilevile, kama hakuna kilichofungwa”

Anza na fyuzi kubwa. Kolamu hizi hunyonya umeme mwingi kwa muda mfupi, hasa ukigeuza gari likiwa limesimama: 30 A hadi 60 A ni jambo la kawaida. Laini kuu itoke kwenye betri moja kwa moja, ipite fyuzi ya 50 A au 60 A iliyofungwa karibu na betri, na waya uwe wa 10 mm². Waya wa nyumba wa 2.5 mm², ule wenye uzi mmoja mgumu, ndio unaokutwa kwenye magari mengi ya namna hii. Unapata moto, unapoteza umeme njiani, na kwa kuwa hauna nyuzi nyingi unakatika ndani ya ganda kwa mtikisiko, nje ukionekana mzima. Utoe.

Fyuzi ikiwa nzima, angalia waya mwembamba unaotoka kwenye swichi ya funguo kwenda kontroli boksi. Huu ndio unaoiamsha boksi. Pima kwa mita funguo ikiwa imewashwa: unatakiwa uone volti sawa na za betri. Waya huu upitie fyuzi ya 10 A. Kwenye magari ya zamani swichi yenyewe imechakaa, kwa hiyo ni vyema swichi iwashe rilei (swichi inayowashwa kwa umeme mdogo), na rilei ndiyo ipeleke umeme.

Kinachofuata ni ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri, na hapa ndipo penye kesi nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote. Waya wa ethi wa boksi umefungwa kwenye kolamu, kolamu kwenye braketi, braketi kwenye bati la dashibodi lililopakwa rangi mara tatu, bati kwenye bodi kwa bolti zenye kutu, bodi kwenye chesisi juu ya raba. Umeme wa 40 A hauwezi kurudi kwenye betri kwa njia hiyo. Fungua bolti ya ethi na ubandue kichwa cha waya: ukikuta unga wa kijani kwenye shaba, au chuma chini yake kina rangi ya kahawia na siyo kung'aa, umeshaona tatizo. Magari ya Kigamboni, Msasani na Kunduchi hupata unga huo haraka kwa sababu ya hewa ya chumvi.

Usiishie kutazama, pima. Kazi hii inahitaji watu wawili:

1. Washa injini. Weka mita kwenye volti za DC, kipimo kidogo.
2. Ncha moja igusishe kichwa chenyewe cha risasi cha hasi ya betri, siyo klempu inayokishika. Ncha ya pili iguse waya wa ethi unaotoka kontroli boksi.
3. Mwenzako ageuze usukani gari likiwa limesimama, ajaribu kufika mwisho.
4. Soma mita wakati anageuza. Ikizidi 0.2 V, ethi ni mbovu.
5. Rudia upande wa chanya: ncha moja kwenye kichwa cha chanya, nyingine kwenye waya mkubwa unaoingia kontroli boksi. Ikizidi 0.5 V, tafuta waya mwembamba, kichwa kilichobanwa vibaya, au kishikio cha fyuzi kilichoungua.

Kupima gari likiwa limezimwa hakukuambii kitu. Waya uliobaki na nyuzi mbili utakuonyesha 12.6 V safi kama hakuna mzigo. Mzigo ukija, upinzani wa omu 0.05 tu kwenye 40 A unakula 2 V nzima, na kontroli boksi iliyotegemea 12.4 V inabaki na 10.4 V. Ikishuka karibu na 10 V, boksi nyingi hupunguza msaada au hukata kabisa.

Tiba ya ethi ni waya wa 10 mm² kutoka mwili wa kolamu moja kwa moja hadi hasi ya betri. Sugua chuma kwa msasa mpaka king'ae, weka washa yenye meno, kaza, ndipo upake grisi juu yake. Grisi ikitangulia chini ya kichwa cha waya, umeharibu kazi yako mwenyewe.

Umeme ukiwa sawa na mota inasikika ikivuma lakini mikono bado inaumia, sasa shuka chini ya gari. Pandisha magurudumu yote mawili ya mbele kwenye jeki na uyaweke juu ya stendi. Usifanye kazi hii gari likiwa juu ya jeki peke yake. Zima kila kitu, geuza usukani kwa mkono mmoja kutoka mwisho hadi mwisho. Unatakiwa uende laini. Ukikwama, fungua tairodi endi (kiungo cha fimbo inayovuta magurudumu) ya kwanza baada ya stelingi boksi (gia ya usukani) na ujaribu tena. Ukiwa mwepesi sasa, mbano uko kwenye magurudumu: kingipini zilizokauka grisi, bol jointi, au ile shafti iliyosimama ndani ya bomba la chesisi kwenye Land Rover za zamani, ambayo ikiishiwa mafuta hukaza kiasi kwamba hakuna mota ya Vitz itakayoishinda. Kwenye Land Cruiser za 40 angalia bushi ya mkono wa katikati. Ukibaki mzito hata baada ya kufungua, mbano uko kwenye stelingi boksi, kwenye krosi (viungo vinavyoiwezesha shafti ya usukani kupinda), au kolamu imevutwa isiwe kwenye mstari. Na upepo wa tairi upime kwanza kabla ya haya yote, maana tairi pana lenye psi 18 ni zito kwa kila mtu.

“Inasaidia, halafu inakata, nikikanyaga mafuta inarudi”

Maneno hayo yanamsema oltaneta, mashine inayochaji betri. Gari la zamani lilitengenezewa taa, waipa na redio. Oltaneta yake ilikuwa ya 35 A hadi 45 A, na Land Rover za mapema zilikuwa na dinamo, mtangulizi wa oltaneta, ya 22 A. Kwenye sailensi, yaani injini ikizunguka bila kukanyaga mafuta, zinatoa sehemu ndogo tu ya hizo. Ukiwa kwenye foleni ya Ubungo jioni, taa zimewaka, feni inazunguka, kila ukigeuza usukani umeme unatoka kwenye betri, na betri haipati muda wa kujaa.

Pima volti za betri injini ikiwa kwenye sailensi na taa zimewashwa. Unatafuta kati ya 13.8 V na 14.5 V. Kisha geuza usukani gari likiwa limesimama, usome tena. Ikishuka chini ya 12 V na kukawia kupanda, badilisha oltaneta kwa ya 70 A au zaidi. Waya unaotoka oltaneta kwenda betri nao ubadilishwe, kwa sababu ule wa zamani haukutengenezwa kubeba umeme huo, na mkanda uliolegea unaopiga kelele ukigeuza usukani hautafaa hata ukiwa na oltaneta mpya. Mwenye dinamo asijaribu kuishi nayo: kolamu ya umeme na dinamo haviendi pamoja.

Kama volti ni nzuri na bado msaada unapungua polepole baada ya kuzungusha sana, kwa mfano kuegesha kwenye uwanja mdogo wa Kariakoo mbele na nyuma mara kumi, basi ni joto. Kontroli boksi hupunguza umeme ili isiungue, na hurudi yenyewe ikipoa kwa dakika kadhaa. Gari lililofungwa vioo juani mchana wa Februari linaanza likiwa na moto tayari. Usishikilie usukani mwisho wake kwa nguvu; ukifika mwisho, legeza kidogo. Boksi isifungwe kwenye nafasi iliyozibwa, wala nyuma ya bati la injini mahali bomba la ekzosi linapopita.

Inayokata ghafla ukiingia shimo na kurudi ukitoka ni plagi iliyolegea au waya uliokatika ndani. Shika plagi moja moja, itikise injini ikiwa imewaka, gari limesimama.

“Usukani unageuka wenyewe”

Simama hapa. Gari hili lisitoke barabarani, hata kwenda gereji ya jirani. Toa fyuzi kubwa ya kolamu kabla ya lolote. Bila umeme, usukani utakuwa mzito lakini utakutii.

Unapojaribu, magurudumu yawe juu kwenye stendi, vidole gumba nje ya mikono ya usukani, na mtu wa pili awe tayari kuchomoa waya wa betri. Mota hii ina nguvu ya kuvunja kidole.

Sababu ya kwanza ni mbano wa chuma. Kama kolamu imefungwa kwa kulazimishwa, shafti ya chini inaisukuma pembeni na kijiti cha ndani kinabaki kimejisokota hata bila mkono. Sensa inaona msokoto, inadhani unageuza, inapeleka umeme. Fungua krosi ya chini kabisa, kolamu ibaki huru, kisha washa. Ikitulia, ubaya uko kwenye ufungaji: legeza bolti zote za braketi, ziache zijilaze, uzikaze upya ukianza na zile za chini.

Isipotulia, sababu ya pili ni sensa: ipime. Kwenye kolamu nyingi za Toyota, waya mbili za ishara zinatakiwa ziwe kati ya 2.3 V na 2.7 V usukani ukiwa huru, na zisitofautiane zaidi ya 0.3 V. Ikiwa moja inasoma 3.1 V bila mtu kugusa, ama alama ya katikati haijawekwa upya baada ya kubadilisha boksi, ama sensa imeumia. Kinachoiumiza sana ni nyundo. Fundi anagonga shafti ili meno yaingie, na kila pigo linafika kwenye kile kijiti. Meno yakikataa, toa, safisha, tazama. Usigonge. Moto wa kuchomelea nao unaiua sensa, kwa hiyo kolamu itolewe nje kabisa ya gari kabla welda hajawasha mashine, hata kama anachomelea braketi tu.

Alama ya katikati huwekwa kwa mashine ya kusomea kodi (namba za hitilafu zinazohifadhiwa na boksi), magurudumu yakiwa yamenyooka na mikono nje ya usukani. Kwa boksi zinazotumia CAN, yaani laini ya waya mbili ambayo kompyuta za gari huwasiliana kwayo, funga soketi ya pini 16: pini 6 na 14 kwa waya mbili za CAN, pini 16 kwa chanya, pini 4 kwa ethi. Kwenye gari ilikotoka, kulikuwa na vizuizi viwili vya omu 120, kimoja kila mwisho wa laini, na kwako havipo. Viweke, upime kati ya pini 6 na 14 umeme ukiwa umezimwa: omu 60 ndiyo sahihi. Bila hivyo mashine itasema haioni gari, na wengi hukata tamaa hapo.

Kodi za Toyota zinazohusu jambo hili ni chache na zinafaa kujulikana. C1511 hadi C1514 ni sensa ya msokoto. C1515 inasema alama ya katikati haijawekwa. C1541 ni ishara ya mwendo, na kwenye gari la zamani utaiona karibu kila mara. C1551 na C1552 ni umeme unaoingia boksi, na zinakurudisha kwenye waya na ethi.

Sababu ya tatu ni waya wa mota uliogeuzwa kwenye kolamu ambazo mota yake ina nyaya mbili tu. Ukigeuza kulia, mota inavuta kushoto, sensa inaona msokoto umezidi, mota inavuta zaidi. Mikononi unahisi usukani unapigana nawe kwa nguvu zote. Hii hutokea mtu akikata mkia wa plagi na kuunga kwa kubahatisha.

Ukishapita hatua hizi na usukani bado unajigeuza, usifungue kolamu ndani. Ile sensa hairekebishwi kwa mkono gereji. Tafuta kolamu nyingine au umpelekee fundi umeme wa magari mwenye mashine na uzoefu wa stelingi.

“Mwepesi mno nikiwa Bagamoyo Road”

Kwenye gari ilikotoka, kontroli boksi ilikuwa inajua mwendo. Kadiri gari linavyokimbia, msaada unapungua. Kwenye gari lako spidomita inaendeshwa na kebo, kwa hiyo boksi haipati habari. Boksi nyingi za Toyota zikikosa ishara ya mwendo hujifunga kwenye msaada wa kiwango kimoja. Kwa wengi kiwango hicho kinatosha mjini na kwenye barabara kuu pia. Kama kwako ni mwepesi kupita kiasi, kuna vifaa vidogo vyenye kitufe cha kuzungusha vinavyoiambia boksi mwendo wa uongo. Ongeza mwendo huo mpaka usukani ukaze. Kitufe kirekebishwe gari limesimama, kisha kifichwe mahali ambapo mtoto au abiria hawezi kukifikia.

Lakini kabla ya kumlaumu mota, tazama magurudumu. Gari linalotangatanga kwenye mwendo wa 80 km/h mara nyingi lina tairodi endi zilizolegea ambazo mwenye gari alikuwa anazihisi mkononi zamani, na sasa mota imezifunika. Hili ndilo jambo la kuogopa zaidi katika kazi yote hii. Usukani wa zamani ulikupa habari za barabara kwa uzito wake. Mota inapunguza habari hizo, na ulegevu ukiongezeka hutausikia mpaka umezidi. Mtu mmoja atikise usukani sentimita mbili huku na huku, mwingine alale chini atazame kila kiungo. Kinachocheza bila gurudumu kusogea kibadilishwe.

“Nikitoka kwenye kona usukani haurudi”

Magari ya zamani yalipewa kasta ndogo (mwinamo wa nyuma wa mhimili wa kugeuzia gurudumu, unaorudisha usukani katikati) ili dereva asichoke. Sasa umeongeza mota na gia zake, na kila kimoja kina msuguano wake. Nguvu ndogo iliyokuwa inarudisha magurudumu katikati haitoshi tena. Kwanza rudia kile kipimo cha kutafuta mbano chini ya gari. Ukikuta hamna, peleka gari kwenye alaimenti na uombe kasta iongezwe. Kwa gari lenye springi za majani kuna kabari za chuma zinazowekwa kati ya ekseli na springi, na digrii 2 zinaweza kubadilisha hali kabisa. Kuzidisha kunageuza pembe ya shafti ya mbele kwenye gari la foo wili, na krosi zake zitaanza kulia, kwa hiyo kazi hii ifanywe na fundi mwenye vipimo.

“Kuna mahali mzito, mahali mwepesi, kila ukizungusha”

Hizi ni krosi. Ukikuta uzito unakuja mara mbili kwa kila mzunguko mmoja, krosi mbili za shafti ya kati hazikupangwa pamoja. Uma wa krosi ya juu na uma wa krosi ya chini, zile zilizoko kwenye shafti ya kati, zinatakiwa zilale kwenye bapa moja. Zikipishana, krosi moja inaharakisha wakati nyingine pia inaharakisha, na wewe unaihisi. Pembe ya kila krosi isizidi digrii 30. Ukilazimika kutumia krosi tatu, lazima kuwe na beringi inayoshika shafti katikati, vinginevyo shafti itapiga danadana.

Meno ya Vitz hayalingani na meno ya stelingi boksi ya zamani, na hapo ndipo jaribu la kuchomelea linapoingia. Shafti ya usukani isichomelewe pembeni ya barabara. Nunua au mpe mkerezaji akutengenezee kapulingi yenye meno ya upande mmoja na mwingine, inayobanwa kwa bolti inayopita kwenye mfereji wa shafti ili isiweze kuchomoka hata bolti ikilegea. Kama gari lako lina kiungo cha raba kati ya kolamu na stelingi boksi, kitoe. Kiliundwa kubeba nguvu za mkono, na raba ya miaka 40 itachanika siku mota ikisukuma gurudumu lililobanwa na ukingo wa barabara. Ukikuta shafti tayari imechomelewa na mtu aliyekutangulia, gari lisimame mpaka ibadilishwe, hata kama inaonekana nzuri.

Kugonga na kulia

Mlio wa “kok” ukiingia shimo: bolti ya krosi iliyolegea, kisha tairodi, kisha gia ya ndani ya kolamu iliyolika. Mvumo mwembamba ukigeuza polepole ni mota, na ni wa kawaida usipozidi. Kolamu za Hyundai na Kia zina kiungo kidogo cha raba kati ya mota na gia ambacho husagika na kuleta mlio wa kok-kok. Kinauzwa peke yake na ni cha bei ndogo, ila kukifikia kunahitaji kutoa mota.

Mlio wa kukwaruza karibu na miguu yako ni shafti inayogusa bati au zulia. Usiendeshe hata kidogo ukiusikia.

Maji yameingia

Masika yakijaza Jangwani, au ukipita dimbwi lililofika sakafuni, usiwashe funguo. Chomoa fyuzi kubwa, toa kontroli boksi, chomoa plagi zake zote. Pini zikiwa zimelowa, zioshe kwa dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme, ziache zikauke siku nzima kivulini, siyo juani juu ya bati. Boksi yenye maji ndani isijaribiwe kwa umeme. Wakati wa kuirudisha, ifunge juu, usawa wa dashibodi, plagi zikitazama chini ili tone likifuata waya lidondoke kabla ya kufika kwenye pini.

“Asubuhi betri imekufa”

Chomoa hasi ya betri, weka mita katikati kwenye kipimo cha 10 A, milango imefungwa. Usiguse funguo wakati mita iko hapo, mota itaiunguza. Subiri dakika 10. Ikisoma zaidi ya 0.05 A, toa fyuzi ya kolamu. Ikiporomoka, kosa ni la kolamu, na karibu kila mara ni ule waya mwembamba wa kuamsha boksi uliochukuliwa kwenye laini isiyozimika badala ya swichi. Uhamishie kwenye rilei inayozima na funguo, rudisha fyuzi, pima tena dakika 10, kisha urudishe ethi ya betri na uwashe injini usukani ukiwa umenyooka na mikono nje.